Kufunga si Kukaza: Vitenzi vya Kuunganisha Bawa, Bamba na Mtungi wa Mpiga Mbizi

Utangulizi

Mwezi wa saba mwaka jana, nikiwa likizoni Kalemie, mjomba wangu alinipa karatasi nne za Kifaransa na kuniomba nizitie katika Kiswahili. Yeye na wenzake hupiga mbizi katika Ziwa Tanganyika kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaofugwa ndani ya vioo katika nchi za mbali. Kwa miaka mingi walitumia jaketi la kuelea, ambalo huja limeshonwa tayari. Safari hii walikuwa wamenunua vifaa vya mtumba vya aina nyingine: bamba la chuma la mgongoni, bawa la kujazwa hewa, na mikanda miwili ya kushikia mtungi. Vitu hivyo huja vimetengana. Mwenyewe ndiye anayeviunganisha, na karatasi zile zilieleza namna ya kufanya hivyo.

Nilimaliza kazi kwa jioni moja. Nilitafuta nomino kwa bidii, maana ndivyo tulivyofundishwa kuanza kazi ya istilahi. Nilifurahi nilipopata jina la kila kipande. Vitenzi sikuvihangaikia. Karatasi za Kifaransa zilirudia kitenzi kimoja karibu kila mstari, nacho ni *fixer*, nami kila mahali niliandika *funga*.

Siku ya tatu mjomba aliingia majini karibu na ufuko, penye kina cha mita tatu hivi, ili ajaribu vifaa. Alipoinamisha kichwa kwenda chini, mtungi uliteleza ndani ya mikanda ukaanza kumtoka mgongoni. Mpira wa kupumulia ulivutwa, akabaki ameushikilia kwa meno. Alifaulu kuukumbatia mtungi kwa mkono mmoja, akapanda juu taratibu akipumua, akatoka majini salama. Alipokaa mchangani hakukasirika. Aliniambia tu, "Mwipwa, uliandika 'funga'. Mi nilifunga. Sasa kosa ni ya nani?"

Kosa lilikuwa langu. Mikanda ilikuwa imefungwa kweli, ila haikuwa imekazwa. Katika makala haya nitaeleza kifaa hicho na jinsi kinavyounganishwa kwa ajili ya mtungi mmoja, kisha nitaonyesha kwamba vitenzi vya Kiswahili, vikichaguliwa vizuri, vinaeleza kazi hiyo kwa usahihi kuliko maandishi niliyopewa kuyafasiri. Sidai kwamba makala yanatosha kumfanya mtu apige mbizi. Hilo hufundishwa majini na mwalimu.

1. Kifaa na kazi yake

Tuanze na maji. Kitu kilichozama husukumwa juu na nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Mpiga mbizi anataka msukumo huo ulingane na uzito wake, ili asipande wala asishuke bila kutaka. Shida ni kwamba mizani hiyo haitulii. Nguo ya mpira anayovaa hubanwa na maji kadiri anavyoshuka, ikapungua ukubwa, na msukumo wa kumwinua ukapungua pia. Tena mtungi unapungua uzito kadiri anavyopumua. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una hewa ya lita 2400 kama ingepimwa juu ya maji. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi, kwa hiyo hewa yote ina uzito unaokaribia kilo 3. Mtu anayeanza mbizi akiwa na mizani sawasawa ataimaliza akiwa mwepesi kwa kilo mbili na zaidi.

Bawa ndilo linalorekebisha mizani hiyo. Ni mfuko usiopitisha hewa, uliofunikwa kwa kitambaa kigumu, unaokaa nyuma ya mpiga mbizi kati ya mgongo na mtungi. Akibonyeza kitufe, hewa kutoka mtungini huingia ndani ya bawa na kuongeza msukumo. Akiinua mpira wa kupulizia na kubonyeza kitufe cha pili, au akivuta kamba ya vali iliyo upande wa chini, hewa hutoka. Kwa mtungi mmoja hutosha bawa dogo lenye uwezo wa kuinua kilo 13 hadi 18 hivi. Bawa kubwa lililotengenezwa kwa mitungi miwili halifai hapa, kwa sababu kingo zake hukunjamana na kuuzunguka mtungi mwembamba, na hewa hunaswa katika mikunjo.

Bamba ndilo uti wa mgongo wa mpangilio wote. Huwa la chuma kisichoshika kutu, lenye uzito wa kilo 2.5 hadi 3 hivi, au la alumini, lenye uzito wa kilo moja hivi. Katikati lina mfereji unaopita urefu wote, na ndani ya mfereji huo mna matundu mawili yaliyoachana kwa inchi 11, yaani sentimita 28 hivi. Kipimo hicho kimekuwa desturi ya watengenezaji wengi, ndiyo maana bamba la huyu laweza kupokea bawa la yule. Kifaa hiki kilitokana na wapiga mbizi wa mapangoni wa Florida ya kaskazini, nchini Marekani. Greg Flanagan alilibuni bamba mwaka 1979, na William Hogarth Main akaendeleza mpangilio wake. Wale walibeba mitungi miwili. Matumizi ya mtungi mmoja yalikuja baadaye, ndiyo maana yanahitaji maelezo ya ziada.

Msomaji wa kitivo chetu atakuwa amekwisha kuona kwamba kitenzi cha msingi hapa ni *elea*. Kamusi hukipa maana mbili: kukaa juu ya maji, na kuwa wazi akilini, kama tusemapo "jambo hili limenielea". Upande huo wa pili tunaona pia *eleza* na *elewa*. Wahenga nao walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kueleza jinsi cha kuelea kinavyoundwa, nikakieleza vibaya.

2. Vipande vinavyokutana

Kutoka mgongoni kwenda nje, mpangilio ni huu: mgongo, bamba, bawa, mtungi. Bawa hukaa katikati kama nyama ndani ya mkate. Kuna njia mbili za kuvishikanisha.

Njia ya kwanza hutumia kitako cha chuma. Kitako hiki ni kipande chembamba na kirefu chenye skrubu mbili nene zinazotokeza upande mmoja. Skrubu hupita katika matundu ya bawa, kisha katika matundu mawili ya bamba, na kutokea upande wa mgongo, ndani ya mfereji. Huko hushikwa na nati zenye masikio, zinazozungushwa kwa vidole bila spana. Mikanda ya mtungi hupita katika kitako.

Njia ya pili haina kitako. Bamba lina nafasi nyembamba zilizokatwa ubavuni mwa mfereji, na bawa lina nafasi kama hizo mahali palepale. Kila mkanda hushuka kupitia nafasi ya bawa na ya bamba, huvuka mfereji upande wa mgongo, halafu hupanda tena kupitia nafasi za upande wa pili na kuuzunguka mtungi. Hapo mkanda mmoja hushika vitu vitatu kwa pamoja. Njia hii ni nyepesi zaidi, lakini kila kitu hutegemea mikanda. Ndiyo njia aliyoitumia mjomba.

Mkanda wenyewe ni wa nailoni, wenye upana wa sentimita 5. Mwishoni una bizimu, yaani kile kipande cha kubania mkanda kama cha mshipi wa suruali, isipokuwa hiki kina mkono mrefu. Ncha ya mkanda hupitishwa katika matundu ya bizimu kwa mpangilio maalumu, huvutwa kwa nguvu, kisha mkono hulazwa na kuubana mkanda kabisa juu ya mtungi.

Kuna jambo moja ambalo karatasi za Kifaransa zililitaja katika mstari mmoja tu, nami nililipita mbio: nailoni ikilowa hurefuka kidogo. Mkanda uliokazwa ukiwa mkavu huwa umelegea baada ya dakika chache majini. Kwa hiyo hutiwa maji kwanza, ndipo ukazwe. Mjomba alipitisha mkanda sawasawa na kulaza mkono wa bizimu. Kwa maana ya *funga*, kazi ilikuwa imekwisha.

3. Kitenzi kimoja, viungo vingi

Kifaransa si lugha maskini katika jambo hili. Kina *boucler* kwa bizimu, *visser* kwa skrubu, *serrer* kwa kukaza. Lakini mwandishi wa maelekezo alipenda *fixer*, kitenzi kinachosema tu kwamba mwishoni kitu kitakuwa mahali pake. Hakisemi mkono unafanya nini. Mtu anayejua tayari kazi hiyo halalamiki. Anayejifunza ndiye anayepotea.

Niliporudi kwenye karatasi zangu nilichora jedwali. Safu ya kwanza niliandika kila mahali ambapo vipande viwili vinakutana. Safu ya pili niliandika mkono unafanya nini hasa. Safu ya tatu niliandika kitenzi ambacho mama yangu angetumia kama angekuwa anaona kitendo hicho jikoni au sokoni, bila kujua lolote juu ya kupiga mbizi. Matokeo yalikuwa haya:

Bawa juu ya bamba: *kulaza*, kisha *kulinganisha* nafasi na nafasi. Hakuna kilichoshikana bado.

Skrubu katika tundu: *kuchomeka*. Kitu kirefu kinaingia katika kitu chenye nafasi.

Mkanda katika nafasi za bawa na bamba: *kupitisha*. Kinaingia na kutokea upande wa pili.

Nati juu ya skrubu, na ncha ya mkanda inapovutwa: *kukaza*. Kitu kimekwisha kuwa mahali pake, sasa nguvu inaongezwa.

Mkono wa bizimu: *kukunja* ili *kubana*.

Mpira mwembamba wa hewa kwenye kitufe cha bawa: *kupachika*, mpaka ulie na kushika.

Kidhibiti cha hewa kwenye vali ya mtungi: *kufunga* kwa kuzungusha.

Mahali pale pale ambapo niliandika *funga* mara kumi na moja, kulikuwa na vitenzi vinane au tisa. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kubuniwa. Vyote vimo katika kinywa cha kila mtu wa Kalemie, kwenye kazi ya kutia mpini katika jembe, kufunga mzigo juu ya baiskeli, au kushona nyavu.

4. Kauli ya kutendua kama kipimo

Baada ya jedwali hilo nilijiuliza swali ambalo mpiga mbizi hujiuliza kabla ya kuingia majini: kitu hiki kinatokaje? Kila kiungo kilicho mwilini mwake lazima ajue kukiondoa kwa mkono mmoja, bila kuona, kwa haraka. Katika lugha yetu swali hilo lina umbo la kisarufi.

Sote tumesoma kauli ya kutendua. Kiambishi -*u*-, au -*o*- mzizi unapokuwa na irabu *o*, kinaonyesha kwamba kitendo cha kwanza kinarudishwa nyuma. Tuna *funga* na *fungua*, *chomeka* na *chomoa*, *pachika* na *pachua*, *bana* na *banua*, *kunja* na *kunjua*, *ziba* na *zibua*, *vaa* na *vua*. Si mali ya Kiswahili peke yake. Wasemaji wa Lingala wana *kanga* na *kangola*, na Kikongo kina *kanga* na *kangula*. Ni urithi wa lugha nyingi za Kibantu. Pia tukumbuke kwamba si kila -*ua* ni kinyume. *Chagua* haina *chaga* inayorudishwa nyuma, na *kamua* haimaanishi kuacha kukama.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba vitenzi vinavyokubali kutenduliwa vinahusu hali zenye pande mbili tu. Mlango umefungwa au haukufungwa. Mpini umechomekwa au umechomolewa. Hakuna katikati. Sasa chukua *kaza*. Hatusemi *kazua*. Tunasema *legeza*, kitenzi cha mzizi mwingine kabisa, kinachotokana na *legea*. Kwa nini? Kwa sababu kukaza si hali ya pande mbili. Ni ngazi. Kitu kinaweza kukazwa kidogo, kukazwa vya kutosha, kukazwa kupita kiasi, na kila daraja lina ulegevu wake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu kwa undani. *Funga* humwambia msomaji kwamba kuna mpaka, na ukiuvuka umemaliza. *Kaza* humwambia kwamba hakuna mpaka, lazima apime. Anayesoma "funga mkanda" ataangalia kama mkono wa bizimu umelala. Anayesoma "kaza mkanda" atauliza: kiasi gani? Swali hilo ndilo linalookoa mtu. Maelekezo mazuri hayana budi kulijibu, kwa sababu kitenzi chenyewe kimeliamsha.

Kauli ya kutendata nayo ina la kutufundisha. Kiambishi -*at*- kinaonyesha mguso au mshikamano, kama katika *fumbata*, *kamata*, *ambata*. Nilikuwa nimetumia *ambatisha* mahali pawili, kwa kuwa lilionekana neno la heshima. Lakini kinachoambata hugusa tu na kushikana juu juu, kama ngozi juu ya tunda. Kinyume chake, *ambua*, ni kubandua ganda. Bawa haliambati na bamba. Hushikwa kati ya bamba na mtungi kwa nguvu ya mikanda, na mikanda ikilegea halina cha kulishika. Barua pepe na waraka wake ndivyo vinavyoambatana. Nikafuta *ambatisha* zote mbili.

5. Maelekezo yaliyoandikwa upya

Haya ndiyo niliyoandika mara ya pili, kwa njia isiyotumia kitako. Nayaweka hapa kwa sababu sarufi niliyoieleza haina maana ikiwa haiwezi kubeba kazi.

Kwanza, laza bamba juu ya mkeka, upande wa mgongo ukitazama chini, upande wa mabega ukiwa mbali nawe. Sasa unaliona kama unavyomwona mtu aliyekupa mgongo: kushoto kwako ni kushoto kwake.

Pili, laza bawa juu ya bamba. Mpira wa kupulizia uwe upande wa mabega, tayari kupita juu ya bega la kushoto. Vali ya kutolea hewa iwe chini, upande wa kushoto. Linganisha nafasi za bawa na nafasi za bamba mpaka uone mkeka kupitia zote.

Tatu, pitisha kila mkanda: shusha upande mmoja, vusha mfereji, pandisha upande wa pili. Angalia mkanda usijisokote. Bizimu ibaki upande wa mtungi, ubavuni, isigandamizwe dhidi ya bamba.

Nne, loweka mikanda majini mpaka ilowe kabisa. Usikaze mkanda mkavu.

Tano, simamisha mtungi, tundu la vali likitazama bamba. Teremsha mikanda juu ya mtungi. Chagua kimo ambacho mkono wako unaifikia vali, na kisogo chako hakigongi chochote ukiinua uso.

Sita, vuta ncha ya mkanda wa juu kwa nguvu, kaza, kisha kunja mkono wa bizimu ubane. Mkono ukilala bila kukupinga, mkanda haujakazwa: kunjua, vuta tena, kunja tena. Fanya hivyo kwa mkanda wa chini.

Saba, shika bamba kwa mikono miwili, inua vyote kutoka chini, tikisa. Mtungi ukisogea hata kidogo, rudi hatua ya sita.

Nane, funga kidhibiti cha hewa kwenye vali, pachika mpira mwembamba kwenye kitufe cha bawa mpaka ulie. Vuta kuhakikisha hauchomoki. Fungua vali ya mtungi. Jaza bawa mpaka litune lote. Angalia kwamba mikanda haikubana mfuko wa ndani. Liache dakika chache na usikilize. Likinywea, linavuja, na halishuki majini leo.

Tisa, jaribu kutoa: vuta kamba ya vali ya chini, sikia hewa ikitoka. Pachua mpira mwembamba kwa mkono mmoja, upachike tena. Fungua mshipi wa kiunoni kwa mkono wa kulia, ufunge. Rudia ukiwa umefumba macho.

Hatua ya tisa haikuwamo katika karatasi za Kifaransa. Niliiongeza baada ya kupitia safu ya vitenzi vya kutendua, nikaona kwamba *pachua* na *fungua* hazimo popote katika maandishi. Yalimfundisha mtu kuvaa bila kumfundisha kuvua. Mpira mwembamba kwa mfano lazima uweze kupachuliwa majini, kwa sababu kitufe kikikwama hewa huendelea kuingia, bawa hutuna, na mtu hupandishwa juu kwa kasi inayoweza kudhuru mapafu yake.

6. Waliyosahihisha wenyewe

Sikuwapa karatasi mpya na kuondoka. Niliwasomea wapiga mbizi wanne chini ya mti, vifaa vikiwa vimetandazwa, nikamwomba kila mmoja afanye tu kile anachokisikia, asifanye anachokijua. Yalitokea mambo matatu yanayofaa kuandikwa.

La kwanza lilihusu hatua ya nne. Mimi nilikuwa nimeandika *lowesha*. Kijana mmoja alichota maji kwa kiganja, akanyunyizia mkanda, akaendelea. Alikuwa ametii. Mjomba akasema hapana, andika *loweka*, "kama unavyoloweka mihogo". *Lowesha* ni kutia maji. *Loweka* ni kuacha kitu ndani ya maji kwa muda. Sauti moja inatofautiana, na katika tofauti hiyo mkanda hurefuka kabla ya mbizi, si wakati wa mbizi. Karatasi ya hapo juu ina neno lake.

La pili lilihusu *bizimu*. Neno hilo nililitoa katika kamusi, na hakuna hata mmoja aliyelijua. Wazee walisema "kifungo cha chuma", vijana walisema "bukle", kutoka Kifaransa. Nililiacha *bizimu* katika makala haya kwa sababu wasomaji wa jarida hili watalifahamu. Katika karatasi ya ufukweni nimeandika "kifungo cha mkanda". Nomino niliyojivunia kuliko zote ndiyo iliyofaa kidogo kuliko zote.

La tatu lilinishangaza. Vitenzi havikuleta ubishi hata kidogo. Niliposema chomeka, wote wanne walichomeka. Niliposema kunjua, wote walikunjua, na mikono yao ilikwenda njia moja. Majina ya vipande yalitofautiana kutoka mdomo hadi mdomo, lakini vitenzi vilikuwa mali ya wote. Siku mbili baadaye mjomba alirudi majini mahali palepale, nami nikakaa mchangani nikihesabu mapovu. Mtungi haukusogea.

Hitimisho

Nimepitia kazi kadhaa za istilahi zilizoandikwa na wanafunzi waliotutangulia. Nyingi ni orodha ndefu za nomino: majina ya sehemu za gari, majina ya magonjwa, majina ya vifaa vya ofisi. Kazi hizo zina faida, na mimi mwenyewe nilianza kwa njia hiyo. Lakini mtu akijua jina la kipande hajajua bado afanye nini nacho. Maagizo ya dawa, ya umeme, ya mashine ya kusaga, ya mtungi wa hewa, yote hubebwa na vitenzi, na hatari iko kwenye vitenzi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa wenzangu watakaochagua kufasiri maandishi ya kazi. Kwanza, kila kitenzi cha kuunganisha kiandikwe pamoja na kinyume chake. Kinyume kikipatikana kwa kauli ya kutendua, msomaji anajua kwamba kazi ina mwisho ulio wazi. Kisipopatikana, kama ilivyo kwa *kaza*, mwandishi ajue kwamba anadaiwa kipimo: kiasi gani, na mtu atajuaje kwamba kinatosha. Pili, maandishi yasomwe kwa sauti mbele ya watu watakaoyatumia, vifaa vikiwa mikononi mwao, kabla hayajapigwa chapa. Dakika arubaini chini ya mti zilinifundisha tofauti ya *lowesha* na *loweka* ambayo sikuiona mezani.

Mjomba ameiweka karatasi ile ndani ya plastiki na kuitundika karibu na mashine ya kujazia mitungi. Juu kabisa, kwa kalamu yake mwenyewe, ameongeza mstari ambao sikuuandika: "Kufunga si kukaza. Tikisa kwanza."